Slaidi ya Mtu wa Arobaini na Saba

Hospitali nzima walimwita Bi Futa, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kukata vipande vya uvimbe vilivyotolewa miilini mwa watu, vikawa vyembamba kuliko ganda la kitunguu, ili daktari avisome kwenye darubini na kusema huyu ana saratani, huyu hana. Kipande hugandishwa kwanza ndani ya nta kikawa bloku. Bloku inakatwa kwa mashine, unatoka utepe mwembamba, utepe unaelea juu ya maji ya vuguvugu kwenye beseni, kisha unachotwa kwa kioo. Kioo hicho ndicho slaidi. Sasa, kabla hujagusa bloku ya mgonjwa mwingine, lazima upitishe karatasi laini juu ya yale maji, ufute kila kilichobaki. Usipofuta, kijipande cha mgonjwa wa kwanza kitabaki kinaelea pale kikingoja kioo cha wa pili. Kila mwanafunzi aliyepita maabara ile aliondoka na sauti moja masikioni: "Futa maji! Wee, futa maji! Unataka kumvisha mtu ugonjwa wa jirani yake?"

Alikuwa mama wa kiguu na njia. Chai alikunywa amesimama, simu aliongea akitembea, na hata akishona kifungo alizunguka na shati mkononi. Mumewe, dereva wa malori aliyestaafu na kupenda kiti chake, alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye hakuoa mke, alioa feni. Bi Futa alikuwa akicheka. Ila wiki ninayoisimulia hakucheka, na kuzunguka kwake kulikuwa kwingine kabisa.

Ilianza na utafiti. Daktari mmoja wa mifupa, binti mdogo mdogo ambaye Bi Futa alimfundisha hata kushika slaidi, alitaka kujua watu waliopasuliwa miguu kwa ajili ya uvimbe wa mifupa ndani ya miaka kumi iliyopita wameishia wapi. Nani anatembea, nani alirudi kazini, nani ametangulia mbele ya haki. Na slaidi zao zote za zamani zisomwe upya na madaktari wawili wasiojua majina, wanaona namba tu. Bi Futa ndiye aliyezifukua slaidi na bloku stoo, moja baada ya moja, kifua mbele. Kazi ya mikono yake ilikuwa inakwenda kukaguliwa, na alijua mikono yake.

Alhamisi asubuhi yule daktari akamwita. "Mama, hebu angalia hii. Namba arobaini na saba."

Bi Futa aliinamia darubini. Slaidi karibu yote ilikuwa mfupa ulioliwa na maambukizi ya muda mrefu, usaha mtupu. Ugonjwa mbaya, ndiyo, lakini ni wa kukwangua mfupa na kumpa mtu dawa miezi kadhaa. Pembeni kabisa, kisiwa kidogo peke yake, kilikaa kijipande cha saratani. Hakikushikana na chochote. Kilikuwa kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Bloku yake ipo?" Bi Futa aliuliza, na sauti ikamtoka nyembamba.

"Ipo. Naomba uikate upya."

Aliikata. Akaikata tena ndani zaidi, na tena, mpaka slaidi zikafika kumi na mbili. Saratani hakuna. Na mtu wa arobaini na saba alikuwa amekatwa mguu juu ya goti, miaka saba iliyopita, kwa sababu ya slaidi ile.

Mkuu wa maabara aliletewa habari, akakuna kidevu. Kijipande kingeweza kutoka popote, alisema: chumba cha upasuaji, mapokezi, mezani, nani ajue? Bila kujua kimetoka wapi hakuna cha kumwambia mgonjwa ila kumvuruga akili. Waandike kwenye ripoti kwamba ugonjwa wake umesomwa upya, basi, kazi iendelee.

 Bi Futa alitoka, akashuka stoo, akavuta daftari la mwaka ule. Jibu alilipata ukurasa wa thelathini na tisa. Bloku iliyokatwa kabla ya ile ilikuwa ya mfupa wa paja wa mama mmoja, saratani ya aina ile ile, imeandikwa pale pale. Zote mbili zilikatwa ndani ya saa moja, na mtu yule yule. Saini yake ilikuwa pale, imejikunja vizuri, ya mtu mwenye raha zake.

Nyani haoni kundule, wanasema. Siku hiyo aliliona, jamani, na likamtosha.

Hapo ndipo alipokosa pa kukaa. Alijaribu kuikumbuka siku ile. Alitafuta sababu, hata moja ya kushikilia. Labda aliamka na homa? Labda ndiyo wiki aliyofiwa na dada yake? Akahesabu miezi kwa vidole: dada alikufa mwaka uliofuata. Labda umeme ulikatika? Daftari lilionyesha bloku thelathini na nane, hakuna hitilafu. Siku ya kawaida kabisa. Alikata, akachota, akaandika, akaenda nyumbani, na pengine njiani alinunua nyanya. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Mtu alipoteza mguu siku ambayo yeye hata haikumbuki!

Ijumaa alisafisha mashine mara tatu. Jumamosi alifua mapazia yaliyofuliwa wiki iliyotangulia. Jumapili mumewe alimwona anafagia uani kwa mara ya pili kabla jua halijapanda, akamwita.

"Mama, keti. Una nini?"

Akamweleza huku bado ameshika ufagio. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, na kwa kweli alikuwa msikilizaji mzuri akitaka.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Mguu hauoti tena. Ukimwambia utakuwa umempa nini? Mtu ana amani yake, wewe unataka kwenda kumchoma mwiba. Na umebakiza miezi minane ustaafu kwa heshima."

"Amani ya uongo hiyo."

"Amani ni amani, bwana."

"Na ungekuwa mguu wako?"

Mzee aliitazama miguu yake ndani ya kandambili, yote miwili, akaichezesha vidole.  "Ningetaka kujua," alisema. "Halafu ningemchukia aliyeniambia."

Jumatatu asubuhi Bi Futa alipiga moyo konde, akaingia ofisini kwa yule daktari na daftari kwapani. Akalifungua juu ya meza, akaweka kidole kwenye saini. Binti alisoma, akasoma tena, akafunga mlango.

"Mama, unajua ukilitoa hili mezani litakufikisha wapi?"

"Najua. Mlisema hamna cha kumwambia kwa sababu hamjui kilitoka wapi. Haya, sasa mnajua."

"Anakuja kesho kupimwa mwendo. Nitamwambia mimi. Nitaongea na mkuu leo. Wewe si lazima uwepo."

"Nitakuwepo."

Jumanne saa tatu mtu wa arobaini na saba alifika. Alikuwa bwana wa miaka arobaini hivi, mabega mapana, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini, magongo mawili yaliyosuguka mpaka yakang'aa. Zamani alikuwa mwashi. Sasa alikuwa fundi redio. Alimwamkia Bi Futa kwa heshima zote, "Shikamoo mama," akaketi kwa mbwembwe. Bi Futa aliitikia marahaba, akabaki amesimama dirishani, mikono inasokota ncha ya kanga.

Daktari alianza na fomu ya maswali, maana ndivyo utafiti ulivyotaka.

"Unaweza kupanda ngazi?"

"Ngazi? Daktari, mimi nilikuwa nazijenga ngazi! Sasa tunaogopana."

"Maumivu?"

"Mguu usiokuwepo unaniwasha. Nikiukuna nakuna godoro."

Alicheka peke yake. Daktari akasoma swali la mwisho: je, umeridhika na upasuaji? Kidogo, kiasi, au sana?

"Andika sana. Lipigie mstari. Niko hai, si unaniona? Wenzangu watatu wa wodi ile wote tumewazika. Mimi kila Jumatano naenda wodini kuwaona wapya. Wakiambiwa kukatwa wanakataa, wanalia. Mimi nasimama mbele yao, nawaambia, nitazameni, niliutoa mguu nikabaki na roho. Wengi wanasaini."

Daktari alifunga fomu, akaanza kueleza. Alianza taratibu mno: kwamba slaidi za zamani zimesomwa upya, kwamba imeonekana palitokea mchanganyiko fulani, kwamba kwa bahati mbaya mambo kama haya huweza kutokea. Yule bwana aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anasikiliza tangazo lisilomhusu.

Bi Futa hakuvumilia. Alivuta kiti, akaketi mbele yake, magoti yao karibu kugusana.

"Baba, nisikilize mimi. Saratani waliyoiona haikuwa yako. Ilikuwa ya mgonjwa mwingine. Nilikata kipande chake, sikufuta maji, nikakata chako, kijipande chake kikashika kwenye slaidi yako. Wewe ulikuwa na usaha ndani ya mfupa. Saratani hukuwa nayo, hujawahi kuwa nayo. Aliyekosa ni mimi. Nimekuja uniangalie."

Alimwangalia. Tabasamu lilichelewa kumtoka usoni, likabaki pale halina kazi.

"Sikuwa nayo?"

"Hukuwa nayo."

"Kwa hiyo sikupona." Alimgeukia daktari, akamrudia Bi Futa. "Miaka saba! Miaka saba namshukuru Mungu kwa kukatwa mguu! Na wewe unakuja hapa na kanga yako unaniambia maji? Mguu wangu umekwenda kwa maji?"

"Ndiyo."

Gongo moja lilianguka. Hakuna aliyeliokota. Bi Futa alitaka kulia, lakini aliona kulia ni kama kumwomba yule bwana amhurumie, akayazuia machozi kwa nguvu zake zote.

"Ulikuwa mgonjwa siku hiyo?" yule bwana aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Ulifiwa? Niambie basi ulikuwa na nini."

Alikuwa anampa mlango wa kutokea, na Bi Futa aliuona. Angesema dada yangu alikufa, nani angeangalia tarehe?

"Sikuwa na kitu," alisema. "Ilikuwa siku ya kawaida."

Yule bwana aliinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yalikuwa mekundu na uso umekaza.

"Pale wodini kuna mwalimu mmoja," alisema. "Mama wa watoto watatu. Wanamkata Ijumaa. Amekataa kusaini mpaka aongee na mimi. Kesho ndiyo siku yangu. Kipande chake nani alikata?"

Daktari alifungua mdomo. Bi Futa akamwahi.

"Mimi."

"Utakikata upya."

"Nitakikata."

"Si kesho. Leo. Sasa hivi. Na daktari atakisoma mbele yangu." Aliinama akaokota gongo lake mwenyewe, akajiinua, na Bi Futa aliponyoosha mkono kumsaidia aliusukuma kwa bega. "Huyo mama ataniuliza, na mimi sitafungua mdomo wangu tena bila kujua ninachokisema. Tangulia. Nitakaa hapo hapo kwenye mashine nikuangalie."