Timazi Akosoa Kikapu

Mafundi ujenzi ndio waliompa jina la Timazi, na hawakumpa kwa mapenzi. Timazi ni ile kamba yenye kipande cha chuma inayoning'inizwa kando ya ukuta ili ijulikane kama ukuta umesimama wima au umeinama. Naye, kwa miaka yote aliyokuwa mkaguzi wa majengo, aliingia katika nyumba mpya za watu akiwa na sura ya mtu aliyesikia harufu mbaya na anaitafuta inakotoka. Milango aliikataa. Ngazi alizikataa. Inasemekana hata siku ya harusi yake alimwita kando aliyefunga hema akamwonyesha kwamba nguzo ya kushoto imekwenda upande. Ilikuwa imekwenda upande kweli, jambo ambalo halikumwongezea marafiki.

Mtu wa namna hiyo akistaafu, adhabu huwaangukia majirani. Timazi alikuwa mjane, akiishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga mwenyewe, akaikagua mwenyewe, akaipitisha mwenyewe, na kazi yake ya kila asubuhi ilikuwa kusimama dirishani akikosoa namna watu wanavyoegesha magari. Hayo yangeendelea kwa amani kama mikono yake isingeanza kutetemeka. Mwanzoni alivilaumu vikombe, akidai kwamba viwanda vya siku hizi havijui kutengeneza kishikio. Kisha akailaumu meza. Halafu binti yake, muuguzi wa wodi ya wanaume, akaja Jumapili moja na kukuta pazia la jikoni limeishia katikati ya dirisha, ukingo wake mweusi.

"Baba, hili pazia limekuwaje?"

"Nimelipunguza. Lilikuwa refu."

Binti alikwisha kuzoea kudanganywa na wanaume wazima waliolala chali, kwa hiyo hakubisha. Alisema tu kwamba chumba cha nyuma nyumbani kwake kimepakwa rangi, kwamba watoto wamekubali kumpisha babu yao, na kwamba nyumba hii itatafutiwa mpangaji. Timazi alikijua chumba hicho. Dirisha lake lilitazama tangi la maji la jirani, na ukiliondoa tangi hapakuwa na kitu kingine cha kukosoa. Akasema mikono yake ni mizima. Akasema anaweza kuthibitisha. Kwani binti hajui kwamba baba yake anakwenda kituo cha wazee kila wiki kufanya kazi za mikono? Mwisho wa mwezi kuna maonyesho. Aje aone mwenyewe.

"Haya," alisema binti. "Nikiona kitu cha maana umekitengeneza kwa mikono yako hiyo, sitakusumbua tena. Nisipokiona, unahama."

Timazi hakuwa amewahi kukanyaga kituo cha wazee; habari za maonyesho alizisoma kwenye tangazo la zahanati. Alikwenda kujiandikisha kesho yake.

Kituo kilikuwa ukumbi mmoja nyuma ya zahanati, wenye viti vya plastiki na harufu ya gundi. Mwalimu wa ufundi alikuwa msichana mchangamfu aliyevaa aproni yenye picha ya ua la njano, naye alizungumza na wazee kana kwamba wametotolewa juzi.

"Haya, wazee wangu wazuri, leo tunamvalisha kondoo manyoya. Nani atatuambia kondoo analiaje?"

Miongoni mwa walioulizwa swali hilo walikuwa dereva wa treni mstaafu na mkunga aliyewazalisha nusu ya wakazi wa mtaa. Hakuna aliyelia. Mwalimu akalia kwa niaba yao, kisha akagawa pamba, sahani za karatasi na mikasi isiyoweza kukata hata uzi. Sindano zilipigwa marufuku, kwa kuwa kanuni ya kituo ilikuwa kwamba kazi iwe nyepesi na salama. Kila aliyemaliza alipigiwa makofi na kuambiwa "safi sana". Hilo ndilo lililomuumiza Timazi kuliko gundi iliyomganda vidoleni. Kondoo wake alikuwa na macho yote mawili upande mmoja, na pamba imemjaa miguuni kana kwamba amevaa buti, na bado aliambiwa safi sana. Mtu aliyezeeka akiwanyima watu sifa sasa alikuwa akitupiwa sifa kama makombo.

Jirani yake mezani alikuwa mpishi wa shule aliyestaafu, ambaye kila mtu alimwita Shangazi. Yeye alibandika pamba huku akisinzia.

"Kondoo wako ana miguu mitano," Timazi alimwambia.

"Mmoja ni mkia, baba. Wako je? Huyo ni kondoo au bomba la choo?"

Wiki zikaenda. Kwa ajili ya maonyesho, Timazi aliamua kusuka mkeka mdogo wa kuwekea sufuria kwa vijiti vya magazeti yaliyoviringishwa. Aliviringisha, vikafumuka. Alikata, mkasi ukacheza. Alipomaliza, mkeka ulikuwa na umbo la kitu kilichokanyagwa na gari kisha kikaombwa msamaha. Aliutazama kwa haki ileile aliyozitazama nayo kazi za wengine maisha yake yote, akaukataa, akautia katika mfuko wa plastiki.

Siku mbili kabla ya maonyesho alikwenda kwenye kibanda kimoja karibu na stendi ya mabasi kunakouzwa vikapu vya ukindu. Akafungua kifuniko cha kila kikapu, akachungulia ndani, akaviacha vyote wazi.

"Mzee," muuzaji alimwuliza, "unanunua au unaoa?"

Akanunua kimoja, cha rangi nyekundu na nyeusi, akakifunga kwa gazeti na kukipeleka kituoni chini ya koti.

Siku ya maonyesho meza zilitandikwa vitambaa vyeupe, na mbele ya kila kazi pakawekwa kadi ya mwenyewe. Katikati ya kondoo wengi wa pamba, kikapu cha Timazi kilisimama kama tausi aliyepotelea katika banda la kuku. Mwalimu alishika mashavu.

"Jamani, kumbe mzee wetu alikuwa anasuka nyumbani kimyakimya. Safi sana, safi sana."

Shangazi alikisogelea kikapu. Akafunua kifuniko, akamtazama Timazi, akarudisha kifuniko. "Hongera, baba," alisema. "Kazi nzuri." Akarudi kwenye biskuti zake.

Binti alifika akiwa bado na sare ya kazini. Alikishika kikapu kwa mikono miwili, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye msuko, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo Timazi hakuwa ameiona tangu mama yake binti alipofariki.

"Baba, nilidhani unanidanganya. Hiki ni kizuri mno. Hakina kasoro hata moja."

Hapo mwenye akili angesema ahsante na kuomba chai. Nyumba ilikuwa imekwisha kuokoka. Lakini katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumwambia Timazi kwamba kitu hakina kasoro, naye asilichukue neno hilo kuwa mwito wa kazi. Alivaa miwani. Akainama.

"Kasoro ipo," alisema. "Tazama hapa ukingoni, msuko umekwenda upande. Na kifuniko kinacheza. Huyu fundi alikuwa na haraka. Mimi nisingekipitisha."

Binti alikiweka kikapu mezani polepole. "Fundi yupi, baba?"

Timazi alivua miwani.

"Mimi," alisema Shangazi, akijifuta makombo. "Na sikuwa na haraka. Nilikuwa nimetoka kutolewa mtoto wa jicho, nasuka kwa jicho moja. Wala nisingesema, mwanangu. Nilijiambia acha mzee wa watu ajipatie sifa zake. Lakini achukue kazi yangu, aseme ni yake, halafu aikosoe mbele yangu? Hiyo imezidi."

"Sikuichukua," alisema Timazi. "Niliinunua." Na kwa utetezi huo akajimaliza kabisa.

"Kwa mpwa wangu, pale stendi. Ameniambia kuna mzee alimwachia vifuniko vyote wazi."

Mwalimu wa ufundi aliondoa kadi iliyokuwa mbele ya kikapu, safari hii bila "safi sana". Binti hakupandisha sauti. "Chako kiko wapi?"

Mfuko wa plastiki ukatolewa chini ya kiti. Binti aliutazama mkeka kwa muda.

"Hiki kibaya, baba."

"Kibaya sana," alisema Timazi, na katika hilo angalau walikubaliana.

"Umekata mwenyewe?"

"Nimekata. Mkasi wao hauna makali. Na mikono inatetemeka."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya pazia."

Walikwenda nyumbani kwa Timazi. Jikoni binti alimwambia awashe jiko la gesi, akasimama akiangalia. Kiberiti kilivunjika, kikavunjika tena, kikawaka, na mkono wa shati la mzee ukapita juu ya moto kwa unene wa kidole. Binti akafunga gesi.

"Mikono nilikwisha kuijua," alisema. "Kutetemeka hakuniogopeshi, wanaotetemeka nawaona kila siku wodini. Kinachoniogopesha ni wewe kuungua halafu unaniambia umepunguza pazia. Utabaki hapa. Chakula nitaleta, chai utawekewa kwenye chupa. Hili jiko linaondoka leo. Na siku nikisikia uongo mwingine, naja na gari la kuhamisha vitu, siji kuuliza."

"Na nikitaka kukaanga yai?"

"Utaniambia kwamba unataka yai."

Jiko lilikuwa zito. Kila mmoja alishika upande wake, wakalikokota hadi mlangoni, Timazi akirudi kinyumenyume.

"Inua kidogo huko kwako," alisema. "Utakwaruza fremu."

"Beba tu, baba."

Akabeba. Fremu ikakwaruzika, mstari mrefu mweupe katika mbao aliyoipiga randa kwa mikono yake. Aliuona vizuri sana. Hakusema kitu.