Jina Kamili

Juzi, katika ofisi moja ya mjini, kijana mwenye kigugumizi alisimama mbele ya karani kujiandikisha kuomba kazi. Alipoulizwa jina, alikwama kwenye silabi ya kwanza.

“Sema basi, bwana! Au jina umeliacha nyumbani?” karani akamkejeli. Foleni nzima ikacheka, na mimi niliyekuwa nyuma yake nikatabasamu.

Kijana akajifuta jasho, akaushika ukingo wa meza. “N-n-nna kigugumizi. Ndivyo nlivyo. N-nngojee.”

Kisha akalitaja jina lake, la baba yake, na la babu yake ambalo hakuulizwa. Karani akaandika, kichwa chini.

Hasira hazijanitoka, wala sijajisamehe. Watu tuliosimama tangu asubuhi kungojea muhuri wa karani kwenye fomu zetu, tulishindwa kumngojea mwenzetu amalize jina!