Mafuta ya Lori ya Jeshi

Mafuta ya breki yananuka kama omena, wale dagaa wa ziwa, iliyosahaulika kwa mfuko. Wengine hawaisikii hiyo harufu, lakini sisi ni watu wa ziwani, na mimi Mungu alininyima urefu na hesabu akanipa pua. Nikiwa na miaka kumi, baba alikuwa fundi wa magari hapo Laini Saba, na mwezi huo mafua yalikuwa yameziba pua yake kabisa, kwa hivyo mimi ndio nilikuwa pua ya gereji. Tulinunua mafuta ya kupimiwa, kwa chupa ya soda, na anayekuuzia hivyo anaweza kukuuzia hata supu. Unanusa, halafu unatia tone kwa kikombe cha maji. Mafuta ya breki yanachanganyika na maji. Oili inaelea, na oili ikiingia kwa breki za gari kuukuu, raba za ndani zinafura, magurudumu yanakataa kuzunguka.

Gari yenyewe ilikuwa lori ya jeshi, kuukuu kumshinda baba, ambayo mzee mmoja mwenye ploti ya vyumba vya kukodisha Kawangware alinunua kwa mnada ili imbebee mawe ya kujenga Riruta. Alimwahidi baba kwamba breki zikitengenezeka, yeye ndiye dereva, na dereva angepewa chumba kwa hiyo ploti, mfereji wa maji hapo mlangoni. Sisi tulikuwa mtaa wa Lindi, si mbali na gereji, watu sita chumba kimoja, na maji ni safari. Nilishaanza kuwaringia wenzangu vile nitaoga mara mbili kwa siku, mimi ambaye hata hiyo mara moja nilikuwa nakimbizwa.

Msaidizi wa baba alikuwa Oti. Walitoka kijiji kimoja, na ndiye alinifundisha kupiga mluzi kwa vidole, kwa hivyo nilimpenda kushinda wajomba zangu wa damu. Siku hiyo alileta chupa, na baba, akiwa chini ya lori, akaniita nipime. Nikanusa: omena hakuna. Nikatia tone kwa maji: likaelea, liking'aa kama jicho. Kabla nifungue mdomo, Oti akachuchumaa karibu yangu.

"Akinyi, hii ni ya jeshi. Ya jeshi haiwezi changanyika na maji, si inaenda vita hata kwa mvua?"

"Na mbona hainuki?"

"Ndio adui asiisikie. Wewe ni mwerevu, ndio maana nakuambia wewe peke yako."

Hakuna mwalimu alikuwa ameniambia hivyo maishani, na nikawa mwerevu papo hapo. Nikamwambia baba iko sawa. Akamimina, hakuuliza mara ya pili.

Siku nne lori ilishika breki vizuri. Ya tano, mzee akapanda mbele, tukaenda Riruta, na hapo katikati ya wauza mboga magurudumu yakakwama, moshi ukatoka. Baba akakanyaga, akaachilia, wapi. Baba na Oti walipofungua breki, raba zilikuwa zimefura kama mandazi. Mzee hata hakupandisha sauti. Alisema tu, "Fundi, umetia oili." Baba akanitazama, kisha akatazama chini. Oti akajipangusa mikono.

"Mimi nilimwambia ni oili, mzee. Lakini yeye ni mkubwa wangu, ningefanya nini?"

Wiki hiyo Oti akapewa usukani, na chumba; baba akasema Oti alidanganya kwa woga tu, na mimi hadi leo sijamwambia yale maneno ya mafuta ya jeshi. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Niliachia shule darasa la nane, kwa hivyo methali zangu ni za primary, lakini hiyo nilikuwa nimeivaa.

Siku hizi nauza spea za pikipiki Kawangware. Mafuta ya breki yanakuja yamefungwa, na maandishi ambayo hata mimi nasoma. Mtu akinisifu kabla hajataja shida yake, nasogeza bidhaa mbali na mkono wake. Baba bado yuko Lindi, chumba kile kile, na Oti, mvi kichwa kizima, huja Jumapili kumsalimia. Juzi niliwakuta, baba akimsimulia jirani, akicheka, vile mafua yalimnyima lori. Akaninyooshea kidole.

"Na huyu alipima. Hiyo chupa ilitudanganya sisi wote wawili."

Oti alikuwa hapo, akipuliza chai yake. Nikasema, "Ndio, baba," nikamwongezea Oti sukari.