Mchezo wa Pasaka Kwenye Geti la Glenwood

Mwaka niliokaa Glenwood, mtaa wa Durban, nilijifunza jinsi Waingereza walivyoanza kuigiza michezo na kuandika riwaya, na nilijifunza hayo katika nyumba ambamo sikuweza kutoka.

Sikuwa mwanafunzi. Kazi yangu ilikuwa kumtunza mama mmoja mzee, Mzungu, aliyefundisha michezo ya kuigiza chuo kikuu mpaka akastaafu. Alikuwa haoni tena, na kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu ilibidi nimbebe. Siku ya kwanza nilimwita madam, akakunja uso. "Niite Mwalimu," akasema. Kiingereza changu nilikiokota katika saluni za Point, kule bandarini, kwa hiyo alinivumilia, nami nikamvumilia.

Nyumba ilikuwa nzuri, ya zamani, yenye baraza mbele na sakafu ya mbao. Lakini kila dirisha lilikuwa na nondo, juu ya ukuta zilipita nyaya za umeme, na geti halikufunguka bila rimoti. Mtoto wake wa pekee, mwanamume mzima aliyehamia Australia, alikuwa ameweka kamera sebuleni na getini. Alitutazama kwa simu kutoka huko. Nikichelewesha dawa, simu inalia.

Mapatano yalikuwa kwamba ninalala hapo hapo, na Jumapili dada mwingine ananipokea zamu ili niende kanisani. Kwa sababu hiyo nilikiacha chumba nilichokuwa napanga South Beach. Kabla ya Kwaresma dada yule akapata kazi Johannesburg, akaondoka. Nikampigia mwana wa Mwalimu kule Australia.

"Natafuta mtu mwingine," akaniambia. "Vumilia kidogo."

Nikavumilia. Jumapili ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, nikaacha kuuliza. Mama mzee asiyeona humwachi peke yake ndani ya nyumba iliyofungwa. Na ningekwenda wapi? Nilikuwa naamka asubuhi, nafungua mapazia, nasimama nikishika nondo za dirisha la jikoni, natazama watu wakiteremka mlima kwenda mjini. Nilianza kuota niko Uvira, nyumbani kwetu Kongo, na milango yote imeondolewa.

Baada ya chai Mwalimu alitaka kusomewa. Vitabu vyake vilijaa ukuta mzima, naye alikumbuka mahali pa kila kimoja. Nilisoma kwa sauti, taratibu, na alipochoka kusikiliza hadithi alinieleza hadithi yenyewe imetoka wapi.

Riwaya nyingi alizonichagulia zilikuwa za wanawake wa ndani ya nyumba. Msichana wa kazi, mke wa tajiri, binti anayesubiri kuolewa. Siku moja nilifunga kitabu nikamuuliza, "Mwalimu, hawa watu hawatoki nje?"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanieleza kwamba zamani Waingereza wengi walipata hadithi zao uwanjani, kwa kuangalia michezo wakiwa wamesimama pamoja, maskini na tajiri. Baadaye watu wa dini kali wakayafunga majumba ya michezo kwa miaka mingi. Yalipofunguliwa tena yakawa hasa ya wenye nguo nzuri, na baadaye serikali ikatunga sheria kwamba mchezo ukaguliwe kabla ya kuonyeshwa. Waandishi wengine wakaona heri kuandika riwaya. Riwaya haikuhitaji kibali wala jukwaa. Mtu aliisoma nyumbani, na wanawake ambao hawakuruhusiwa kwenda popote waliisoma kuliko wote.

"Kwa hiyo riwaya ni kitabu cha waliofungiwa," nikasema.

"Ni zaidi ya hapo," akajibu. "Lakini leo sitabishana nawe."

Wiki hiyo kiongozi wa kwaya yetu akanipigia. Ni Mkongo mwenzangu, ana saluni Point, na ndiye aliyenipa kazi nilipofika Durban. Kila Pasaka kanisa letu huigiza asubuhi ya ufufuko, na mimi tangu nifike ndimi niliyekuwa mwanamke wa kwanza kufika kaburini na kulikuta wazi.

"Dada, uko wapi? Mazoezi iko inaendelea bila wewe."

"Mama, siwezi kutoka. Hakuna mtu wa kubaki na mzee."

"Basi sisi tutakuja huko."

Nilipomweleza Mwalimu, alikaa wima kwenye kiti. "Wanawake wanakwenda kaburini? Unajua kwamba ndio mwanzo?" Akaniambia kwamba mamia ya miaka iliyopita, kanisani, siku ya Pasaka, mapadri waliacha kuimba tu habari hiyo wakaanza kuiigiza, wengine wakijifanya wale wanawake, mmoja akijifanya malaika. Mchezo ulikua mpaka kanisa likawa dogo. Ukatoka barabarani. Maseremala, waokaji, wajenzi wa merikebu, kila chama cha mafundi kikachukua kipande chake, na katika miji mingine wakavizungusha juu ya mikokoteni. "Na muda wote huo, jukwaani karibu wote walikuwa wanaume," akasema. "Mwanamke alikuja kupewa nafasi yake baadaye sana. Niweke barazani. Nataka kusikia."

Walikuja Jumamosi mchana, wanawake sita na kaka mmoja wa Burundi aliyekuwa malaika. Kumkaribisha mgeni ndani kulikuwa kumekatazwa, kwa hiyo wao walisimama kwenye njia ya waenda kwa miguu na mimi nikasimama ndani ya geti. Tuliimba polepole. Wenzangu walijifanya wamebeba manukato. Nilikuwa nimesema sentensi hiyo miaka yote bila shida: nani atatuondolea jiwe? Safari hiyo nilishika vyuma vya geti, nikaisema, na sauti ikakatika. Nililia kweli. Kiongozi akapitisha mkono kati ya vyuma akanishika bega.

Nyuma yangu Mwalimu akapaza sauti kutoka barazani. "Usilie kabla watazamaji hawajalia! Rudia, na safari hii nisikie huku nyuma!"

Nikawatafsiria. Wakacheka, nami nikacheka na machozi usoni. Tukarudia.

Hatukufika mwisho. Gari la walinzi lilisimama, akashuka kijana wa Kizulu mwenye bastola kiunoni. Majirani walikuwa wameandika kwenye kikundi chao cha simu kwamba wageni wamekusanyika getini kwa mama mzee. Kijana akatazama Biblia, akatazama vitenge, akashusha mabega.

"Eish, mama," akamwambia kiongozi, "mimi nasikia mnaomba tu. Lakini wameniita. Tafadhali nendeni."

Wakaenda. Katika siku ambazo watu wanaandamana mjini wakitaka sisi wageni tuondoke nchini mwao, huwezi kubishana na bastola, hata ya mtu mpole.

Simu ya Australia ikalia kabla sijamrudisha Mwalimu ndani. Mwanawe alikuwa ameona yote kwenye kamera. Akasema nimehatarisha maisha ya mama yake, na nikirudia nitafute kazi kwingine. Mwalimu akanyoosha mkono nimpe simu.

"Ni mimi niliyewaita," akamwambia mwanawe. Ulikuwa uongo, na aliusema vizuri sana. "Na huyu binti hajatoka humu tangu Februari. Hata wewe huwezi kukaa hivyo. Tafuta mtu."

Pasaka ilipita nikiwa ndani. Sehemu yangu aliichukua mwanamke mwingine, nao walinitumia video ambayo sikuweza kuimaliza. Mtu alipatikana Juni, mama wa Burundi, mpole, mwenye mikono yenye nguvu. Nilikuwa nimekata shauri kumwachia kazi, lakini nilipokwenda kumuaga Mwalimu nilimwambia naweza kubaki tukigawana siku na mama huyo.

"Hapana," akasema. "Mimi sitatoka tena humu, hilo nimeshalikubali. Wewe usijizoeshe."

Nikarudi Point. Wiki za kwanza, watu wakinisukuma barabarani na taxi zikipiga honi, nilitaka kurudi ndani. Hilo liliniogopesha kuliko nyumba yenyewe.

Mwalimu alifariki kabla baridi haijaisha. Nilipata habari kwa yule mama wa Burundi, mazishi yakiwa yamekwisha. Mwanawe alifanya ibada fupi na hakumwalika yeyote kati yetu. Jumapili iliyofuata kwaya iliimba wimbo mmoja kwa ajili yake, na kiongozi akanitaka niseme neno. Nikasimama mbele. Nilitaka kuwaeleza juu ya mapadri na mikokoteni na vitabu vyote vile, lakini niliweza kusema tu kwamba alinifundisha, na kwamba siku ile walipokuja getini aliwasikia mpaka neno la mwisho. Kisha nikakaa.