Mifano Ambayo Haikujaribiwa

Mwongozo wa programu yetu ya kuhifadhi nakala niliuandika mimi, katika ofisi yetu ndogo ya Kiyovu, na nilijivunia. Sentensi moja niliipenda kupita zote: nakili njia ya folda jinsi kompyuta yako inavyoionyesha, kisha ongeza nyota mbili mwishoni. Nyota mbili zilimaanisha chukua kila kilichomo ndani.

Mimi natumia mfumo wa Linux, ambako majina ya folda kwenye njia hutenganishwa kwa mistari ya mshazari iliyoinamia kulia. Watumiaji wetu wengi wana Windows, ambako mistari hiyo huinamia kushoto. Ofisini mwenye Windows alikuwa mmoja tu, rafiki yangu aliyekulia Tanzania, ambaye mchana tulikula naye sahani moja. Nikamwomba ajaribu kila mfano kwenye mashine yake kabla mwongozo haujatoka. Siku ya pili akaniambia, "Yote inafanya kazi, dada." Nikamnunulia na soda, mjinga mimi.

Wa kwanza kuupata alikuwa shangazi yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Sonatubes. Kompyuta yake ilikuwa na vipimo vya wateja na michoro ya magauni ya miaka na miaka. Aliufuata mwongozo peke yake, neno kwa neno, na programu ikamwandikia kwamba kazi imekamilika. Kwa hiyo kompyuta ilipokufa katikati ya msimu wa harusi, hakushtuka. Alinipigia simu kama anayeagiza mkate: "Mwanangu, kuja unirudishie vitu yangu."

Nilifungua nakala. Hakukuwa na faili hata moja. Programu yetu haikuielewa mistari iliyoinamia kushoto. Ilitafuta, haikuona kitu, ikatangaza kwamba imemaliza.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu, futi yake ya kupimia shingoni. "Lakini nilifanya vile uliandika," alisema. "Sasa vitu iko wapi?"

Nilirudi Kiyovu nikiwa na hasira ya kupigana. Nilimuuliza rafiki yangu, mbele ya wote, kama aliwahi kujaribu japo mfano mmoja. Hata hakukana. "Niliupitia kwa macho," alisema. "Wewe si huwa hukosei?" Alidhani ananisifu. Alinisaliti, na mpaka leo roho inaniuma, kwa sababu angesema tu hana muda, ningeazima mashine kwingine.

Niliuandika upya ukurasa ule. Mfano wa Windows ukakaa peke yake, na wa Linux peke yake. Nikaweka onyo kwamba kwenye programu yetu mstari lazima uinamie kulia, hata kama kompyuta inauonyesha vingine, na kwamba usiamini kitu mpaka umehesabu faili zako. Rafiki yangu akajitolea kuujaribu. Nikamwambia asijisumbue.

Niliupeleka kwa shangazi, ambaye sasa alikuwa na kompyuta nyingine. Alijaribu mfano wa Windows, na picha zake chache mpya zikatokea zote kwenye nakala. "Iko sawa," alisema. Kisha akaingia bibi harusi, naye shangazi akampima na kuandika vipimo kwenye daftari la karatasi.

"Shangazi, viingize na kwenye kompyuta."

"Nitaingiza, mwanangu," alisema kwa upole, jinsi anavyowajibu wateja wasumbufu, bila kuniangalia.

Hajaingiza mpaka leo, na sijathubutu kumuuliza kwa nini.