Kitanda Nilichokiwamba

Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sikudumu popote. Mwaka mmoja, nikiwa mtu mzima, nilikuwa nikilala mtaa wa Muyeye, dalali mmoja akaniita nisafishe vyombo vya kasri kuukuu mjini Malindi. Warithi walikuwa Uarabuni, nao walitaka kila kitu kiuzwe. Nilifuta vioo vilivyoota madoa, nikapaka mafuta viti walivyokalia watawala, na kila alasiri lori liliondoka na chumba kizima. Hatua zangu zikazidi kusikika.

Aliyebaki ndani ni bibi mmoja wa ukoo ule, mgonjwa wa moyo. Aliomba kitu kimoja tu: kitanda cha kamba kilichokuwa stoo kisiuzwe. Dalali alikubali upesi. Kamba zilikuwa wazi katikati, nani angekitaka?

Mimi siwezi kukaa na kitu kibovu. Nilitafuta kamba mpya, nikakiwamba hadi ile nafasi ikazibika, nikidhani nitamfurahisha bibi. Dalali alipokiona kizima, akakipakia siku ile ile kwenda hoteli moja Kikambala.

Kesho yake nilimwamkia bibi shikamoo, hakuitikia.

“Pale hapakukatika, mwanangu. Palikatwa, maji yapite. Wafu wote wa nyumba hii wameoshewa pale, wa mwisho mama yangu.” Akaitazama mikono yangu. “Nawe umekiwamba. Sasa chataka mtu.”

Kisha akauliza yeye ataoshewa wapi. Nikaapa kukirudisha.

Nilikikuta kando ya bwawa la kuogelea, kimewekewa mito. Mgeni mmoja mzee, mnene, alikuwa amelala juu yake chali, mikono kifuani. Nilipoeleza nilichofuata, mhudumu alicheka. Akasema wageni wanakigombania, nami nikikitaka nipange foleni. Meneja angefika saa kumi. Nimwombe yeye, ila nisimwamshe mzee.

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Kivuli cha mwavuli kilimhama yule mgeni, jua likampiga usoni, wala hakujigeuza. Chini yake niliziona kamba zangu, nyeupe kati ya zile kuukuu, zimelegea kwa uzito wake.

Saa tisa simu ililia. Alikuwa jirani wa kasri, na aliongea polepole.

“Kitanda kiko wapi? Maji yameshatekwa.”

Nilikata simu. Nilimwita mhudumu, nikamwambia aje amwamshe mgeni wake.