Paa la Nta

Nta ya nyuki ikichemka hunukia utamu mpaka unasahau kwamba hailiwi. Nikiwa darasa la tano, uwanja wa nyumba yetu, mtaa wa Chemchem mjini Tabora, ulinukia hivyo wiki nzima. Baba, fundi seremala, alikuwa amenunua gari bovu la safari, lile lenye vitanda na jiko ndani, akalifufua. Alikuwa na ndoto moja: dada Neema akiolewa, asipelekwe ukweni Ziba amebanana kwenye gari la kukodi, aende amejinyoosha kitandani kama malkia. Mimi nilikuwa nimeshafika mbali zaidi, nikijiona napika chai huku tunaitafuta Kigoma kwa njia ya misafara ya zamani.

Lililobaki ni paa. Lilivuja. Mama alikaa ndani na beseni, baba juu akimwaga maji kwenye maungio ya bati, na mama akipaza sauti, "Hapa! Na hapa tena, Baba Neema!" Kila palipovuja baba alipaka nta, kama alivyozoea kuziba nyufa za mbao. Mama akamuuliza, na jua je? "Jua la Tabora tumekua nalo," akajibu. Maji yakagoma kupita, tukashangilia.

Siku ya harusi jua lilichoma kwelikweli. Tunafika Ziba, wakwe wamejipanga na vigelegele, nta inatiririka kwenye vioo na nyuki wameshapata habari. Wakaingia kwa tundu la hewa la paani. Dada alitoka mbio, shela mkononi, mguu mmoja peku. Vigelegele vikageuka vicheko, simu zote juu zinarekodi. Baba wa bwana harusi akasema kwa nguvu, "Mzazi mwenzangu, umetuletea mke au mzinga?"

Baba alisimama na suti yake, anatabasamu, jasho linamtoka. Lile tabasamu liliniumiza kuliko vicheko vyote. Nilitazama viatu vyangu mpaka tulipoitwa kula.

Siku hizi madukani ipo gundi ya paa isiyojali jua, na dada huwasimulia wanawe kisa kile huku anacheka. Mimi magari ya namna ile yakipita mjini, macho yanakwenda paani kwanza, na uso unaniwaka. Baba hajakanyaga Ziba tena. Juzi dada kanipigia simu kuhusu kipaimara cha mwanawe: "Mwambie baba aje, hakuna anayekumbuka yale." Nikamwambia neno kwa neno. Akaendelea kupiga randa ubao wake, kisha akauliza taratibu, "Kama hawakumbuki, mbona imebidi niambiwe?"